DAWA YA KUUA MAJANI NA UGONJWA WA KANSA: TUNAJUA NINI?



Katika ukurasa huu wa Sayansi tunataka kujibu ulizo moja ambalo wengi wanaliuliza, zaidi wale wanaotoka likizo: "Ni kweli ile dawa ya kuua majani inaleta kansa?" Wengine wanasema ni maneno ya bure. Wengine wanasema mtu akiigusa mara moja amekwisha kufa. Sisi tunaona majibu yale mawili yote hayatoshi. Wengi kati yenu mko watoto wa wakulima. Kuko wanafunzi wakubwa ambao wakati wa likizo wanabeba pompi mgongoni na kupuliza mashamba ya watu, juu ya kupata franka za masomo. Basi ulizo hili si la kitabu tu. Ni la mgongo wetu na mikono yetu.

Tusome pole pole, kipande kwa kipande.

1. DAWA HIZI NI NINI?

Tunasema "dawa", lakini haiponyeshi mtu. Ni sumu iliyotengenezwa kwa kuua mimea tusiyoitaka. Namna zake ni nyingi. Tutaje tatu tu.

a) 2,4-D. Ilipatikana wakati wa vita ya pili ya ulimwengu. Inaiga kitu kilicho ndani ya mmea, kile kinachouamuru kukua. Jani linakua ovyo, linajipinda, na mwisho linakufa. Mahindi na mpunga havifi, kwa hiyo wakulima waliipenda sana. Ilikuwa na ndugu yake, 2,4,5-T, ambayo tutaisema chini.

b) Parakwati, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Gramoxone. Ilianza kuuzwa mwaka 1962. Inaunguza kila jani la kijani kibichi, na jua likiwaka inafanya kazi upesi.

c) Glifosati, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Roundup. Mtu wa Marekani, John Franz, aliitambua mwaka 1970, na mwaka 1974 ilianza kuuzwa. Inafunga njia moja ambayo mmea unatumia kwa kujitengenezea chakula cha mwili wake. Njia ile haimo katika mwili wa mtu. Ndiyo sababu wauzaji wengi walisema: "Hii haina neno kwa mtu." Lakini ndani ya bidoni hamna glifosati peke yake. Mna vitu vingine, kama sabuni za kuisaidia kushika jani na kuingia. Sabuni zile nazo zinagusa ngozi ya mtu.

2. KANSA NAYO NI NINI?

Katika biolojia tulifundishwa kwamba mwili ni selule nyingi sana. Kila selule iko na maagizo yake ndani, yaliyoandikwa katika ADN. Selule inazaa ingine, ile ya zamani inakufa, na mambo yanakwenda kwa kipimo. Kansa (wengine wanasema kansere) ni wakati selule moja imeharibika maagizo yake, inakataa kufa, inazaa bila kipimo. Uvimbe unatokea, na mwisho unapita mahali pengine pa mwili.

Kushika jambo moja hapa: kansa haiji kesho yake. Mara nyingi inapita miaka 10, hata 20 ao 30, kati ya kitu kilichoharibu selule na siku mtu anapoona uvimbe. Kwa sababu hiyo mzee anaweza kusema kwa moyo mweupe: "Mimi niko na miaka kumi na hii dawa, sikugonjwa hata siku moja." Hasemi uongo. Lakini maneno yake hayawezi kutujibu, sababu miaka kumi ni michache kwa ugonjwa wa namna hii.

Tena jambo la pili: mtu mmoja hawezi kujua kitu gani kimemletea kansa yake. Uvimbe hauna jina lililoandikwa juu yake. Basi watu wa elimu wanafanyaje?

3. WANAHESABU

Mwaka 1775 kule London, munganga mmoja jina lake Percivall Pott aliona kwamba vijana waliotumwa kuingia ndani ya njia za moshi za nyumba, juu ya kuzisafisha, walikuwa wanapata kansa ya ngozi ya mfuko wa mapumbu kuliko watu wengine. Masizi yalishika katika mikunjo ya ngozi, na watu wale hawakuoga mara nyingi. Pott hakuwa na mashine ya kuona selule. Aliangalia kazi ya watu, akafikiri. Hii ilikuwa kansa ya kwanza kuandikwa kwamba inatoka katika kazi ya mtu.

Mfano wa pili uko karibu nasi. Mwaka 1958, munganga Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa unaua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari, wakazunguka hospitali nyingi za Afrika kwa kuuliza: "Ugonjwa huu mnao hapa?" Wakaona unafuata inchi za joto na mvua, pale malaria ni nyingi. Baadaye mwaka 1964 kirusi kilionekana ndani ya selule za uvimbe ule. Kansa ile inaitwa limfoma ya Burkitt. Haitoki katika dawa ya shamba. Tunaitaja kusudi msikimbie kusema kila uvimbe wa mtoto kijijini ni juu ya pompi ya baba yake. Limfoma ziko za namna nyingi na sababu nyingi.

Sasa tuone namna ya kuhesabu. Unachukua watu wagonjwa wa kansa fulani, na watu wazima wanaofanana nao kwa umri na mahali pa kukaa. Unawauliza wote maulizo yale yale: ulifanya kazi gani? Ulipuliza dawa gani? Siku ngapi?

Tuseme hivi (huu ni mfano wetu tu wa kujifunza): tuko na wagonjwa 40 na wazima 40. Kati ya wagonjwa, 20 walipuliza dawa na 20 hapana. Kati ya wazima, 10 walipuliza na 30 hapana. Kwa wagonjwa tunagawanya 20 kwa 20, tunapata 1. Kwa wazima tunagawanya 10 kwa 30, tunapata theluthi moja. Halafu tunagawanya 1 kwa theluthi moja, tunapata 3. Tunasema: kwa waliopuliza, hatari ni karibu mara tatu. Kama jibu lingekuwa 1, tungesema hatuoni tofauti.

4. WATU WA MISITU YA USWIDI

Kule Uswidi watu wana misitu mikubwa, na kazi moja ilikuwa kupuliza 2,4-D na 2,4,5-T kwa kuua miti midogo isiyo na faida. Katika miaka ya 1970, munganga Lennart Hardell wa mji wa Umeå aliona wagonjwa wenye kansa ya nyama laini ya mwili, inayoitwa sarkoma. Ni kansa isiyoonekana mara nyingi. Alipouliza juu ya kazi zao, akasikia wengine wakisema: "Nilikuwa napuliza dawa msituni."

Hardell hakukimbilia kusema "nimekwisha jua". Yeye na mwenzake walichukua wagonjwa 52 na watu wengine 206 wa kulinganisha. Mwaka 1979 wakaandika jibu: kwa waliofanya na dawa zile na jamaa zake, hatari ilikuwa karibu mara sita.

Wengi wakabisha. Walisema: mgonjwa analala kitandani, anatafuta sababu ya mateso yake, anakumbuka kila tone la dawa. Mzima amekwisha kusahau. Basi hesabu inapinda. Hili ni bisho la kweli, wala si matusi. Hardell akajibu kwa hesabu ingine: mwaka 1981 alilinganisha na wagonjwa wa kansa ya utumbo mkubwa, ambao nao wanateswa na wanatafuta sababu. Wale hawakuonyesha kushika dawa kuliko watu wengine. Kwa hiyo, kukumbuka sana peke yake hakukutosha kueleza jambo.

Lakini huko New Zealand, katika miaka ya 1980, wachunguzi waliuliza maulizo yanayofanana na hawakukuta hatari kubwa namna ile. Ndivyo sayansi inakwenda: mmoja anasema, mwingine anapima tena.

Kitu kimoja kilionekana wazi. 2,4,5-T ilipotengenezwa ilikuwa inachanganyika na uchafu mmoja mkali sana, dioksini. Ni ile dawa waaskari wa Marekani walimwanga kwa ndege juu ya misitu ya Vietnam tangu 1962 hata 1971, imechanganywa nusu kwa nusu na 2,4-D. Uswidi ilikataza 2,4,5-T mwaka 1977, na inchi zingine nyingi zikafuata. Mwaka 1997 Kituo cha Ulimwengu cha Kuchunguza Kansa, kinachoitwa CIRC, cha mji wa Lyon huko Ufaransa, kiliandika dioksini ile katika kikundi cha kwanza: inaleta kansa kwa watu.

5. WAKULIMA WA KANSAS

Mwaka 1986 mama mmoja wa sayansi, Sheila Hoar, na wenzake waliandika juu ya wakulima wa Kansas, Marekani, pale wanalima ngano. Dawa yao kubwa ilikuwa 2,4-D. Kansa waliyoiona ni limfoma isiyo ya Hodgkin, yaani kansa ya zile selule zinazolinda mwili, inayovimbisha tezi za shingo, za kwapa na za kinena. Wakulima waliopuliza zaidi ya siku 20 kwa mwaka, hatari yao ilikuwa mara sita kuliko ile ya watu wasiolima. Na hatari ilipanda kadiri siku za kupuliza zilivyozidi.

Hili la kupanda ni la maana. Kama kitu ndicho kinacholeta ugonjwa, tunangojea kwamba mwenye kukishika sana augue kuliko mwenye kukishika kidogo. Hata hivyo, uchunguzi uliofuata mahali pengine haukupata mara sita. Mwaka 2015 CIRC iliandika 2,4-D katika kikundi 2B: inaweza kuwa inaleta kansa, lakini ushuhuda haujatosha.

6. GLIFOSATI: PALE WENYE ELIMU HAWAPATANI

Mwezi wa tatu 2015 CIRC iliandika glifosati katika kikundi 2A: ni karibu ya kweli kwamba inaleta kansa kwa watu. Walisema kwa nyama za kupimia ushuhuda unatosha. Kwa watu ushuhuda ni wenye mipaka, na unaelekea limfoma isiyo ya Hodgkin. Lakini mwezi wa 11 wa mwaka ule ule, wakubwa wa Ulaya wanaochunguza chakula walisema haielekei kwamba inaleta kansa.

Mtauliza: inawezekanaje? Sehemu moja ya jibu ni hii. CIRC inauliza: "Kitu hiki kinaweza kuleta kansa?" Haiulizi: "Kwa kipimo ambacho watu wanakishika, wangapi watagonjwa?" Ni maulizo mawili. Katika kikundi kile kile cha 2A CIRC iliweka nyama nyekundu mwaka 2015, na vinywaji vya moto sana, zaidi ya digri 65, mwaka 2016. Hakuna mtu anayesema chai ya moto na bidoni ya dawa ni kitu kimoja. Nyoka ndani ya sanduku na nyoka kitandani ni nyoka yule yule, lakini hatari si moja.

Sasa tusikie wale waliofuata wakulima wenyewe. Tangu mwaka 1993, katika Iowa na North Carolina huko Marekani, wachunguzi wanafuata watu zaidi ya 89.000, wakulima wanaopuliza dawa pamoja na bibi na mabwana zao. Hapa hawawaulizi wakiwa wamekwisha kugonjwa. Waliwauliza wakiwa wazima, halafu wakangoja miaka. Hivi shida ya kukumbuka inapunguka. Mwaka 2018 walitoa jibu juu ya wapulizaji 54.251: kwa glifosati hawakukuta nyongeza ya wazi ya limfoma wala ya kansa zote pamoja. Kwa kansa moja ya damu, wale waliopuliza sana walikuwa juu kidogo, lakini hesabu haikutosha kusema ni kweli.

Mwaka 2019 wachunguzi wengine walijumlisha masomo mbalimbali pamoja, na lile la Iowa ndani yake, wakiangalia wale tu walioshika glifosati kuliko wote. Walipata nyongeza ya limfoma ya 41 kwa 100.

Na mahakama? Mwezi wa 8 wa mwaka 2018 huko California, mtu aliyekuwa anapuliza Roundup katika viwanja vya shule, naye akashikwa na limfoma, alimshinda Monsanto. Baraza liliamua alipwe dola milioni 289. Mwaka ule ule hakimu alipunguza mpaka milioni 78, na mwaka 2020 ikafika milioni 20 na nusu. Bayer, aliyekuwa amenunua Monsanto mwaka 2018, alisema mwaka 2020 kwamba atatoa zaidi ya dola miliardi 10 kwa kumaliza mashitaka mengi, bila kukiri kosa. Katika mashitaka mengine Bayer alishinda. Lakini tukumbuke: baraza la mahakama si laboratware. Linaamua nani alipe. Mwezi wa 11 wa 2023 Ulaya iliruhusu glifosati miaka 10 tena.

7. MARA SITA NI NGAPI?

Hapa wengi wanapotea, hata wakubwa. "Mara sita" inatisha, lakini lazima tuulize: mara sita ya nini? Kama ugonjwa unashika mtu 1 kwa watu 10.000, mara sita ni watu 6 kwa 10.000. Watu 9.994 hawatauona.

Tuchukue ile 41 kwa 100. Marekani, karibu watu 2 kwa 100 wanapata limfoma isiyo ya Hodgkin katika maisha yao, yaani 20 kwa 1.000. Tukiongeza 41 kwa 100, wanakuwa 28 kwa 1.000. Ni watu 8 zaidi. Je, 8 ni wachache ao wengi? Kwa muuzaji ni wachache. Kwa mama wa mmoja wao ni mtoto wake. Hesabu inatuambia ukubwa wa hatari. Haituambii kama inafaa kuikubali. Ile ni kazi ya watu, si ya namba.

8. SISI HUKU

Wengine watasema: "Iowa wamesema hakuna neno, basi tupulize tu." Tungoje kidogo. Wapulizaji wa Iowa wana ruhusa ya serikali, walifundishwa, na wengi wanaketi juu ya trakta. Huku kwetu mtu anabeba pompi yenye litre 15 ao zaidi mgongoni. Kifuniko kikivuja, dawa inashuka mgongoni mpaka matakoni na mapajani. Anakwenda mbele, anaingia miguu wazi katika majani aliyoyalowanisha. Anachanganya kwa mkono. Hana saa ya kuoga mpaka jioni. Hawa wawili hawashiki kipimo kimoja, hata dawa ikiwa moja.

Tena dawa inaingia zaidi kwa ngozi kuliko kwa pua. Na ngozi si sawa pote: ile ya kinena na ya sehemu za siri inapitisha vitu mara nyingi kuliko ile ya mkono. Mkumbuke vijana wa Pott.

Mwezi wa 11 wa 2019 shirika Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya mashamba makubwa ya mawese katika inchi yetu. Liliandika kwamba wapulizaji wengi hawakupewa vyombo vya kutosha vya kujilinda, na wengi walisema tangu waanze kazi ile wamepoteza nguvu za kiume. Ripoti ile haikusema juu ya kansa waliyohesabu. Na nani angehesabu? Kule vijijini mtu anakufa na uvimbe, hakupimwa, hakuandikwa, anazikwa. Uswidi walijua kwa sababu kila mgonjwa aliandikwa. Ukosefu wa hesabu si ushuhuda kwamba hakuna ugonjwa. Ufaransa, mwaka 2015, serikali iliandika limfoma isiyo ya Hodgkin katika orodha ya magonjwa ya kazi ya wakulima wanaoshika dawa hizi, na mwaka 2021 ikaongeza kansa ya prostate. Mkulima wao akigonjwa anaweza kulipwa. Mkulima wetu anauza mbuzi.

Tena tusisahau hatari isiyongoja miaka 20. Parakwati, kinywa kimoja tu kinaweza kuua mtu, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Ulaya iliikataza mwaka 2007. Mtu akiitia katika chupa ya limonade na kuiweka chini ya kitanda, mtoto hatauliza CIRC inasema nini.

9. TUFANYE NINI?

Hatusemi watu wote watupe pompi. Tunajua palizi. Tunajua mgongo wa mama anayeinama na jembe toka asubuhi mpaka jua kali. Dawa inamsaidia, na asiyejua taabu ile asimuhukumu. Tunasema: dawa isifike ndani ya mwili. Na mambo mengi hayaombi franka nyingi.

a) Kwanza uliza: ni lazima? Kufunika udongo kwa majani makavu, kupanda maharagwe kati ya mahindi, kupalilia mapema, vinapunguza kazi ya dawa.
b) Usinunue dawa iliyopimwa katika chupa isiyo na karatasi yake. Soma ile karatasi. Wewe umesoma Kifaransa. Kama baba hasomi, msomee.
c) Saa ya kuchanganya ndiyo ya hatari kuliko zote, sababu dawa haijapata maji. Vaa glovu za mpira, tumia kijiti, usiweke mkono. Ikirukia ngozi, osha mara ile ile kwa maji mengi na sabuni.
d) Tia maji tu katika pompi kwanza, uone kama inavuja. Pompi inayovuja haibebwi. Ulipo upulizaji wa kesho, ngoja itengenezwe.
e) Vaa boti, suruali ndefu nje ya boti, shati la mikono mirefu. Upepo uwe mgongoni, na usirudi kutembea katika majani maji.
f) Bomba likiziba, usilipulize kwa kinywa. Usile, usivute tumbako. Nawa mikono mbele ya kwenda msalani, si nyuma tu.
g) Ukimaliza, oga mwili mzima siku ile ile. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake. Yule dada ao mama anayezifua naye anashika dawa. Avae glovu, ao wewe mwenyewe ufue.
h) Usisafishe pompi mtoni. Bidoni tupu oshea mara tatu, maji yale yamwangwe katika pompi na kupulizwa shambani, halafu uitoboe. Bidoni ya dawa haibebi maji, wala mafuta, wala kasiksi, hata ikinukia sabuni.
i) Mtoto na mama mwenye mimba wasipulize wala wasichanganye. Mwanafunzi anayeitwa kwa kazi hii wakati wa likizo auangalie mwili wake kuliko franka. Akikosa glovu na boti, akatae. Kukataa si uvivu.
j) Tezi ikivimba shingoni, kwapani ao kinenani, ikapita majuma mengi bila kupungua, ao mtu akitoka jasho usiku na kukonda bila sababu, aende hospitali, aseme pia kazi anayofanya. Mara nyingi itakuwa ugonjwa mwingine, labda kifua kikuu, na huo unatibika. Lakini mganga asipoambiwa kazi ya mtu hataandika kitu.

10. NAMNA YA KUSEMA NA WAZAZI

Mwanafunzi anayerudi nyumbani na kusema mbele ya watu, "Baba, unajiua," atafukuzwa, na pompi itaendelea kuvuja. Afadhali kungoja jioni, baba amekwisha kula, na kusema kwa heshima: "Baba, masomo walitufundisha kitu juu ya ile dawa. Naomba nikusomee karatasi ya bidoni." Halafu kesho amka mbele yake, uipime pompi kwa maji. Akiona maji yanashuka, atajua mwenyewe. Maji yanayovuja hayabishani na mzee.

Basi jibu letu kwa ulizo la kwanza ni hili. Kwa dioksini iliyokuwa katika 2,4,5-T: ndiyo, CIRC imekwisha kuamua. Kwa 2,4-D na glifosati: kuko ushuhuda kwa wale wanaoshika sana miaka mingi, wenye elimu wanabishana juu ya nguvu yake, na hatari kwa mtu mmoja haionekani kuwa kubwa sana. Kwa mtu mwenye pompi inayovuja mgongoni: asingoje mabishano yaishe. Sabuni na maji havingoji Lyon wala Iowa.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini maneno ya mtu aliyepuliza miaka 10 bila kugonjwa hayatoshi kujibu ulizo letu?
2. Hesabu: kuko wagonjwa 50, kati yao 30 walipuliza dawa, 20 hapana. Kuko wazima 100. 20 walipuliza, 80 hapana. Hatari ni mara ngapi? Onyesha kazi yako.
3. Hardell alijibu namna gani wale waliosema kwamba wagonjwa wanakumbuka kuliko wazima? Wachunguzi wa Iowa walipita njia gani ingine?
4. Eleza tofauti kati ya "kinaweza kuleta kansa" na "kitashika watu wangapi". Tumia mfano wako, si ule wa nyoka.
5. Nenda shambani kwenu ao kwa jirani, kwa ruhusa. Andika ni mambo mangapi kati ya yale kumi ya sehemu ya 9 yanafuatwa. Usiandike jina la mtu.

Majibu ya ulizo la 5 mtuletee kabla ya toleo linalofuata. Tutayajumlisha na kuyatia katika ukurasa huu. Sisi pia tuanze kuhesabu.